Kona ya Kamera: Zenit ya babu bado inapiga?

SWALI: Assalam alaykum. Babu alisoma Urusi enzi za Usovieti akarudi na kamera ya Zenit-E, alipofariki nikapewa mie. Jumapili asubuhi huwa nazunguka Mji Mkongwe napiga picha na simu, sasa nataka nizunguke na hii ila jamaa wananambia kipima mwanga kishakufa so haifai tena. Kweli?
Kijana wa Ng'ambo, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Hao jamaa waache. Kipima mwanga cha Zenit-E ni cha seleniamu, hakili betri na wala hakijaungwa na shata (pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga), kwahiyo hata kikifa chote kamera inapiga kama kawaida, ila hesabu ya mwanga unabaki nayo wewe. Au pakua programu ya kupimia kwenye simu, sio dhambi.

Kabla hujanunua filamu fungua mgongo, elekeza dirishani, vuta kile kishikio cha kusogezea filamu halafu achia shata huku unachungulia kwa nyuma, piga kwa kasi ya 1/30 ya sekunde kisha 1/500. Pazia likikwama au ukiona vitundu vinapitisha mwanga, tafuta fundi, anza kuulizia kwa wale wazee wa studio maana vijana wengi wa simu hawajawahi hata kuifungua.

Sasa mwanga. Chukua filamu ya ISO 200 (ISO ni wepesi wa filamu kushika mwanga). Jua kali weka f/16 (tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linapungua) na kasi ya 1/250, basi. Ukichukua ya 400 jua la saa sita litakupeleka f/16 na 1/500, na hapo ndo mwisho wa Zenit, shata haizidi hapo na lenzi ya Helios 44-2 nayo haifungi zaidi, huna pa kukimbilia. Kinachowatesa wengi ni vichochoro: unatoka Darajani jua linawaka, unaingia Mkunazini, hatua chache tu uko gizani, hapo fungua mpaka f/4, pakibana zaidi f/2. Na hiyo Helios ina ringi mbili, moja unachagua namba, nyingine unafungua ili uone vizuri wakati wa fokasi, halafu LAZIMA uizungushe irudi kabla ya kubonyeza. Ukisahau juani picha inaungua nyeupe pee.

Mie saa sita mchana simshauri mtu, nusu ya fremu ukuta mweupe nusu kiza. Toka saa moja asubuhi au subiri baada ya alasiri. Wazee wa barazani wasalimie kwanza, kaa, kamera ije baadae, na picha ukishasafisha wapelekee nakala yao. Kambi za jeshi na bandarini usielekeze lenzi kabisa. Ukipata nafasi kaangalie picha nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio, ile aliyofungua Ranchhod Oza mwaka 1930, utapata hamu ya kutembea mwezi mzima.

Mkanda ukiisha bonyeza kile kiduara kinachozunguka kitufe cha shata, rudisha filamu yote ndani, NDO ufungue mgongo.

SWALI: Dada, nasafisha filamu nyeusi na nyeupe za HP5 mwenyewe bafuni kwa dawa ya D-76, dakika ni zilezile za kwenye maelekezo lakini negativu zinatoka nzito nyeusi tii. Dawa mbovu?
Mama Naila, Mombasa

JIBU: Dawa haina kosa mama, ni maji ya bomba. Zile dakika 7 na nusu ni za D-76 isiyozimuliwa ikiwa nyuzi 20, na maji ya Mombasa yanatoka bombani yana joto zaidi ya hapo, kwahiyo dawa inakimbia. Weka chupa ya dawa kwenye beseni la maji, tia barafu kwenye mfuko uliofungwa vizuri (usitie barafu ndani ya dawa, utaizimua), subiri kipimajoto kisome 20. Tangi nalo liache humohumo beseni muda wote, manake mikono yako tu inaipasha. Fiksa (dawa ya kukazia picha) na maji ya kuoshea yasipishane sana na hapo.