Uanzie wapi kuujua Ukatoliki

Dada, umesema umekulia Ulutheri na unataka kuujua Ukatoliki kabla ya kufunga ndoa. Kwanza achana na hizo video za mabishano za YouTube, nyingi ni za kutafuta mshindi tu.

Tafuta Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yaani kitabu rasmi cha mafundisho yake, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Ya Kiswahili ipo, ulizia maduka ya vitabu ya Paulines. Ni kitabu kinene, usikisome kama riwaya. Kila aya ina namba, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye kinachokusumbua: toharani (utakaso wa roho baada ya kifo) ni 1030 hadi 1032, Ekaristi inaanzia 1322. Zile tanbihi usiziruke. Zinakuonyesha fundisho limetoka wapi, iwe Biblia, mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) au mababa wa Kanisa (walimu wa imani wa karne za mwanzo). Ukiona kizito, kuna Muhtasari wake wa 2005, maswali na majibu 598.

Biblia chukua yenye vitabu 73, upate na vitabu kama Tobiti na Wamakabayo ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina.

Halafu kamwone katekista parokiani. Ubatizo wako wa Kilutheri unatambuliwa, hutabatizwa upya. Na kama huna nia ya kuhama, mwambie paroko mapema, maana ndoa mseto, ya Mkatoliki na Mkristo asiye Mkatoliki, huombewa kibali kwa askofu.