Maswali yenu: mizigo ya kuingiza na ya kutosha

Tofauti ya mizigo ya kuingiza na ya kutosha ni nini?
Kuingiza ni toka kwa mwenye kukuuzia mpaka kwa depo yako, kutosha ni toka depo mpaka kwa kliya. Nimekwisha kujibu hii mara mingi, tafazali musome ya nyuma mbele ya kuuliza.

Nauzisha vyombo soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nilinunua konteneri CIF Dar es Salaam (muuzaji njo analipa meli na asiransi mpaka bandari), nikazani mambo imeisha, sasa feza inatoka kila siku. Juu ya nini?
Mama, CIF Dar inaishia Dar. Karibu kilometa 2,000 zenye kubaki, Tunduma na Nakonde, Zambia yote, Kasumbalesa, ile yote ni yako, na asiransi yenye muuzaji alilipa inaishia paka bandari, kamyo ikianguka Mpika hapana mutu atakulipa. Tena siku za bure za kampuni ya meli zikiisha wanakuhesabia konteneri siku kwa siku mpaka irudi tupu. FERI, ile karatasi ya kuingizia mzigo Congo, anza kuitafuta wakati mzigo ungali kwa muuzaji, usingoje kamyo isimame mupaka. Bei ya sahani ni ile unapata ikishafika kwa mlango ya depo, na dwane, na OCC (ofisi ya serikali yenye kukontrole bidhaa), na kodi ya TVA 16% ndani. Batu bengi hapa Lubumbashi banaanguka juu ya kuhesabu bei ya fakitire tu, na inaniuma kuona.

Kamyo yangu inapeleka mzigo Kolwezi inarudi tupu.
Tafuta mzigo ya kurudia mbele ya kutoka, ama bei yako ibebe mazuti ya kilometa 600, hapana 300.

Niweke stoki ya siku ngapi?
Usiangalie safari ya kawaida, angalia ile ilichelewa zaidi. Kama kawaida ni siku 20 na mara moja ilifika 35, zile 15 njo stoki yako ya kujilinda.

Shofere anaomba nisinie mbele ya kuteremusha.
Hapana, hata siku moja! Miye nilisinia hivyo mwezi wa pili, mvua inapiga, tukafungua bashi tukakuta magunia ya sukari ya chini imeganda sawa jiwe, maji ya kahawia inachuruzika kwa mbao, magunia 18, na mwenye kamyo akanionyesha tu sinyatire yangu. Soma namba ya sili yenye kufunga mzigo, fungua, hesabu, andika kwa bordero (karatasi ya mzigo) chenye kinakosa, piga foto, shofere naye asinie, kisha weye. Akisema ana haraka mupe kiti, endelea kuhesabu.