Mkuu, usimwagie pichi maji usiku wa kuamkia mechi

Mkuu, huo mpira wa bomba uuweke chini kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine yeyote humu. Umeandika kwamba Jumamosi ya wiki ijayo vijana wenu wa kriketi wa Moshi wanawapokea wenzao wa Arusha, pichi (ule ukanda wa katikati ya uwanja ambapo mpira unatua) ni ya udongo, na kuna mtaalamu kakushauri umwage maji Ijumaa jioni, upige rola mpaka ing'ae, asubuhi ukishinda tosi, ile ya kurusha sarafu, upige kwanza "pichi ikiwa bado mpya". Ukauliza pia ununue mipira ya aina gani, mcheze ova (mafungu ya mipira sita) ngapi, na kama mwinuko wa Arusha unawapa wale faida. Hayo mengine yatasubiri. Hilo la maji ya Ijumaa ndilo litakalowaumiza, na nikisema kuumiza namaanisha hospitali.

Sisi tulipewa ushauri huohuo, Arusha, mwezi wa saba. Anayeijua Arusha ya mwezi wa saba ananielewa: ukungu asubuhi, manyunyu, Meru huuoni, na jua lenyewe likijitahidi linatoka saa tano. Mshauri wetu alikuwa mtu wa kujiamini, kila sentensi yake inaanza na "kule tulikocheza sisi". Akasema udongo mkavu unapasuka, kwa hiyo ulainishwe jioni, rola ikipita juu utakuwa mgumu kama simiti. Tukamwaga maji, tukavuta rola mpaka giza likaingia.

Asubuhi watu walikuwa wanaipiga picha pichi, inang'aa. Tukashinda tosi, tukaingia kupiga kama tulivyoelekezwa. Ova ya kwanza tu, mpira ulitua ukaacha shimo la kuingia kidole gumba, ukasita kidogo, halafu ukapanda kifuani. Uliofuata ukatua hatua moja pembeni, ukaja chini ya goti. Mpigaji wetu wa kwanza ni mtu wa kutoka mbele na kusukuma mpira chini kwa chini. Siku hiyo mikono ilikuwa inafika kabla ya mpira, akaunyanyua mwenyewe mpaka mikononi mwa mdakaji. Wa pili akatoka hivyohivyo.

Wa tatu alikuwa kijana wa kidato cha nne, tegemeo letu. Alirushiwa mpira wa kawaida kabisa, ambao kwenye pichi kavu ungemfikia kiunoni akaupisha. Uliruka ukamkuta vidole vikiwa kwenye mpini. Glovu haikusaidia kitu. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, mkono wa kuandikia, na mtihani wa mock uko mbele yake. Mama yake alipofika hospitali aliuliza swali moja: "Maji mlimwaga ya nini?" Hakuna mtu mzima aliyekuwa pale aliyeweza kumjibu. Kijana hakurudi tena uwanjani, na simlaumu yeye wala mama yake.

Hatukufika mikimbio hamsini, yaani alama hamsini. Wenzetu walipoingia, jua lilikuwa limeshachoma saa mbili nzima, uso umekauka, yale mashimo yamekuwa magumu. Mpira mmoja mmoja bado ulikuwa unapanda na kushuka vibaya, lakini kwa mikimbio michache waliyohitaji hawakuwa na haraka wala hofu. Kazi ngumu tulikuwa tumeshawafanyia sisi, kwa maji yetu na rola yetu.

Na yule mshauri? Akasema vijana hawana mbinu, eti mpigaji mzuri hupiga kwenye pichi yoyote. Akaondoka kabla ya chakula. Hilo neno linanichoma mpaka leo, kwa hiyo acha nilijibu hapa, maana najua na wewe utaambiwa hivyohivyo.

Don Bradman, mpigaji wa Australia, alimaliza maisha yake ya mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, na wastani wa mikimbio 99.94. Hakuna mpigaji wa maana aliyewahi kuukaribia. Sasa tazama alichofanya Melbourne, Januari 1937, mvua ilipoilowesha pichi ambayo enzi zile haikuwa ikifunikwa mechi ikiendelea. Australia walitangaza kumaliza zamu yao ya kupiga wakiwa na 200 kwa wiketi 9, yaani mikimbio 200 na wapigaji 9 wameshatolewa, ili Uingereza waingie wakati tope linaanza kukauka. Uingereza wakaporomoka, nao wakatangaza kwa 76 kwa wiketi 9 ili kuwarudisha Australia kwenye balaa lilelile. Bradman, aliyekuwa nahodha, akapindua orodha yake ya wapigaji. Akawatanguliza warushaji, watu wasiojua kupiga, wakapoteze muda. Yeye akaja kuingia akiwa wa saba, pichi imeshatulia, akapiga 270. Huyo ndiye mpigaji bora kuliko wote, na pichi ya majimaji aliikwepa kwa makusudi. Mtu akimwambia mtoto wa kidato cha nne kwamba tatizo ni mbinu, anamwonea.

Brisbane, Desemba 1950, ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya mvua, Uingereza walitangaza kwa 68 kwa wiketi 7, Australia nao wakatangaza kwa 32 kwa wiketi 7. Ukijumlisha na zamu ya pili ya Uingereza iliyoanza hapohapo, siku hiyo moja ziliangushwa wiketi 20 kwa mikimbio 130. Wachezaji wa Test hao.

Sababu yenyewe haina uchawi. Udongo wa mfinyanzi hukauka kuanzia juu. Ukiumwagia maji jioni na kuupiga rola ukiwa umelowa, rola inaziba uso, na maji yanabaki yamefungiwa chini. Asubuhi unaona ngozi kavu yenye kung'aa, chini yake ni ugali. Mpira ukitua unaivunja ile ngozi, unashikwa, unapoteza kasi, na ukitoka hujui utatoka kwa kimo gani. Mshono wa mpira ukiuma pale unapinda upande wowote. Mrushaji wa kawaida kabisa anageuka hatari bila kuongeza chochote. Saa mbaya kuliko zote siyo pichi ikiwa tope kabisa, kwa sababu hapo mpira unateleza na kufika polepole. Ni pale jua linapoanza kuikausha, yaani mida ileile timu iliyoshinda tosi imeshaingia kupiga.

Na ukishaharibu Ijumaa, Jumamosi huna dawa. Sheria za kriketi zinakataza kumwagia pichi maji mechi ikiendelea, na mechi ikishaanza rola inaruhusiwa kwa dakika zisizozidi 7 kabla ya zamu, isipokuwa zamu ya kwanza ya mechi, nahodha wa upande unaopiga akiomba. Dakika 7 hazikaushi kitu kilicholowa usiku kucha. Kwa Moshi na Arusha msimu huu wa baridi, hata asubuhi nzima haitoshi.

Kwa hiyo maji mwaga leo. Siyo kesho, leo, kwa sababu una zaidi ya wiki nzima mbele yako. Lowesha eneo lote la mita 20.12 kwa 3.05 mpaka maji yazame chini kabisa, kisha uliache. Udongo ukifika hali ya kubonyea bila kugandia kiatu, anza na rola nyepesi, dakika chache, asubuhi na jioni. Kadiri unavyokauka ongeza uzito. Hapo rola inabana udongo wakati maji yanatoka, na ugumu unaingia mpaka chini. Nyasi kata fupi lakini usizing'oe, mizizi yake ndiyo inayonyonya maji ya chini na kuushika udongo usitimke. Siku mbili tatu za mwisho pichi isione tone. Manyunyu yakitishia, funika kwa turubai usiku, na asubuhi lifunue mapema, kwa sababu turubai nalo linatoa jasho kwa ndani.

Hujasema udongo wenu ni upi, nami nadhani hujauliza. Ule mweusi wa mbugani, unaonasa magari masika, una mfinyanzi mwingi. Ukikaushwa vizuri unakuwa mgumu kweli, lakini unashika maji kwa ukaidi na ukipitiliza kukauka unapasuka. Ule mwepesi wa miteremkoni, uliotokana na majivu ya volkano, unakauka haraka lakini haushikamani, unatimka vumbi na mpira haudundi. Pichi ya zamani ya Perth kule Australia ilisifika dunia nzima kwa mdundo wa juu na kasi, na siri yake ilikuwa mfinyanzi mwingi uliobanwa na jua kali. Kama wenu ni ule mweusi, mfinyanzi mmefanana nao. Jua lile mwezi huu hamna.

Sasa kanuni yangu, na hii naomba uiandike ukutani: hakuna tosi kabla ya msumari. Chukua msumari mrefu mwembamba, nenda pembeni ya pichi, nje ya njia ya kuchezea lakini kwenye udongo ulioandaliwa pamoja, uchome chini kwa urefu wa kidole. Ukizama kwa urahisi na kutoka na udongo umegandia, chini kuna maji, hata juu kuwe kumekauka vipi. Ukishinda tosi, rusha kwanza. Ukigoma kuingia na kutoka mkavu, piga kwanza kwa raha zako. Rangi isikudanganye, mng'ao usikudanganye, na mtu mwenye hadithi za ughaibuni asikudanganye. Yule wetu hakuwahi kuinama kuugusa udongo, na sisi hatukumwomba ainame.

Kuna watu hapo juu wanabisha kwamba ukavu nao ni hatari, na wanamtaja Jim Laker, mrushaji wa Uingereza aliyechukua wiketi 19 kwa mikimbio 90 mechi moja, uwanja wa Old Trafford, Manchester, 1956. Ni kweli, pichi ikikauka na kutoa vumbi, spini, yaani mpira wa kuzungushwa unaopinda ukitua, inatawala. Lakini ile ilikuwa mechi ya siku tano, na ninyi mnacheza siku moja. Vumbi likiwazidi mtapoteza wiketi. Ugali ukiwazidi mtapoteza wiketi na vidole.

Ikifika Alhamisi na msumari bado unatoka na tope, acha udongo kabisa. Tafuta jamvi la usumba, lile zito, mlitandaze juu ya moramu iliyoshindiliwa au simiti, mlivute sawasawa kila upande na kulipigilia. Likilegea mpira unashika na kupinda kupita kiasi. Msidhani jamvi ni la watoto: Karachi, 1956, Australia walitolewa kwa mikimbio 80 juu ya jamvi, Fazal Mahmood, mrushaji wa Pakistan, akachukua wiketi 13 katika mechi ile. Mrushaji anayejua kukata mpira, yaani kuufanya upinde ukitua, bado ana kazi pale, ila mdundo unatabirika na mpigaji anaona kinachomjia. Kwa vijana hilo ndilo la kwanza.

Kuhusu mwinuko, mechi iko Moshi, wote mtavuta hewa moja. Mipira na ova wadau wengine watakujibu, mimi sina nguvu ya kubishana rangi ya mpira wakati pichi haijapona.

Leo jioni, kabla hujagusa bomba, chukua msumari nenda uwanjani, uchome sehemu tatu pembeni ya pichi: mwisho huu, mwisho ule na katikati. Kisha rudi hapa utuandikie umetoka na nini.