Maswali ya Wasomaji: Draiva Yangu Inaganda kwa -O2. Je, Nizime Uboreshaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa vifaa vya kielektroniki hapa Morogoro. Nimeandika draiva ya Linux (programu ya kuendesha kifaa) kwa ajili ya kipimio cha unyevu wa udongo kilichounganishwa kwenye bodi ndogo yenye kiini kimoja. Kipimio kinapomaliza kupima hutuma ishara ya kukatiza (interrupt), na funksheni inayopokea ishara hiyo huweka 1 katika kigeu kiitwacho tayari. Sehemu nyingine ya draiva husubiri kwa mstari huu: while (!d->tayari) ; . Nikiendesha, bodi inaganda mpaka niizime. Cha ajabu ni kwamba nikiweka printk, amri ya kuchapisha ujumbe, ndani ya kitanzi hicho, kila kitu kinakwenda sawasawa. Rafiki yangu amesema kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, ndiyo mbovu, akanishauri niandike -O0 (bila uboreshaji) badala ya -O2 (uboreshaji wa kawaida) katika Makefile kuu, faili la maelekezo ya ujenzi wa kerneli, yaani moyo wa Linux. Nilipofanya hivyo kerneli yenyewe ikakataa kujengwa na skrini ikajaa makosa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza rudisha -O2 mahali pake, kisha turudi kwenye mstari wako mmoja, kwa sababu tatizo limo humo.

Kompaila ya C inaposoma kitanzi chako, inaona kwamba hakuna kitu ndani yake kinachobadilisha d->tayari. Lugha ya C inairuhusu idhani kwamba hakuna mwingine anayekigusa kigeu hicho, kwa kuwa wewe hujaiambia kwamba yupo. Kwa hiyo inakisoma mara moja tu kabla ya kitanzi, inakihifadhi katika rejista, yaani hifadhi ndogo ndani ya kichakataji, na ikikuta ni sifuri inazunguka milele bila kurudi kwenye kumbukumbu kukitazama tena. Endesha objdump -d, inayoonyesha amri za mashine, juu ya faili lako la .o na utaliona jambo hili kwa macho yako: kwenye kichakataji cha ARM utakuta amri moja ya ldr (kusoma kumbukumbu), ulinganisho na sifuri, kisha amri ya b inayojirukia yenyewe. Ishara ya kukatiza inafika, kigeu kinabadilika, lakini hakuna anayekitazama. Printk yako iliponya ugonjwa kwa bahati tu, kwa kuwa kompaila haiwezi kuona yaliyomo ndani ya funksheni hiyo, na hivyo inalazimika kudhani kwamba huenda imekigusa kigeu chako na kukisoma upya. Dalili hii ikumbuke vizuri: msimbo unaopona kwa kuongezewa mstari wa kuchapisha, mara nyingi sana, una kasoro ya namna hii hii.

Dawa iliyo bora kwako ni kuacha kabisa kuzunguka. Tumia completion, yaani utaratibu wa kerneli wa kungoja jambo likamilike: uandae kwa init_completion, funksheni ya ishara iite complete(), na upande unaosubiri uite wait_for_completion_timeout() ukiwa na kikomo, tuseme msecs_to_jiffies(500). Ikirudisha sifuri, ujue muda umekwisha na kipimio hakikujibu, nawe umripotie mtumiaji kosa badala ya kumgandishia bodi. Kabla ya kila kipimo kipya ita reinit_completion(). Ikiwa kungoja kwenyewe ni kwa kitambo kidogo mno kiasi kwamba kulala ni hasara, andika while (!READ_ONCE(d->tayari)) cpu_relax(), na upande wa pili utumie WRITE_ONCE; hizi mbili huilazimisha kompaila isome na iandike kumbukumbu yenyewe. Hata hivyo, kama kigeu hicho kinatangaza kwamba data nyingine imekwisha kuandikwa, READ_ONCE peke yake haitoshi, kwa sababu haipangi mfuatano wa data hiyo nyingine. Hapo panahitajika smp_store_release upande wa mwandishi na smp_load_acquire upande wa msomaji. Wapo watakaokushauri kutia neno volatile, linaloilazimisha kompaila kukisoma upya kila mara, kwenye kigeu. Nyaraka za kerneli zenyewe zinakataza mazoea hayo, nami naafikiana nazo, maana neno hilo huficha mahali hasa ambapo kumbukumbu inashirikiwa.

Sasa kuhusu -O0. Kerneli haikukataa kwa bahati mbaya. Msimbo wake umeandikwa kwa kutegemea kwamba kompaila itafanya kiasi fulani cha uboreshaji. Utakuta, kwa mfano, funksheni ndogo ya inline inayorudisha IS_ENABLED(CONFIG_KITU), na if inayoitegemea ikifuatiwa na mwito wa funksheni ambayo haipo kabisa katika ujenzi wako. Kwa -O2 tawi hilo huonekana halifikiki na kuondolewa, lakini kwa -O0 mwito hubaki, na kiunganishi (linker) kinalalamika kwamba hakioni funksheni hiyo. Vilevile zipo amri za asembla, lugha iliyo karibu na mashine, zilizopachikwa ndani ya C ambazo zinadai thamani ijulikane wakati wa kujenga, na bila uboreshaji kompaila haiwezi kuikokotoa. Ndiyo sababu menyu ya mipangilio inakupa njia mbili tu: CONFIG_CC_OPTIMIZE_FOR_PERFORMANCE, ambayo ni -O2, na CONFIG_CC_OPTIMIZE_FOR_SIZE, ambayo ni -Os, ya kupunguza ukubwa.

Kama unachotaka ni kuifuatilia draiva yako kwa gdb, programu ya kuchunguza makosa, bila kuambiwa kila mara kwamba thamani imeondolewa na uboreshaji, badilisha faili moja tu. Katika Makefile ya draiva andika CFLAGS_kipimio.o := -Og (uboreshaji mwepesi unaofaa uchunguzi), ukiweka jina la faili lako. Bendera hiyo, yaani chaguo la kompaila, huja baada ya zile za jumla, na kwa kuwa -O ya mwisho ndiyo inayoshinda, faili hilo pekee litajengwa tofauti. Hakikisha kwa make V=1, au fungua faili lililofichwa la .kipimio.o.cmd ambamo amri nzima ya ujenzi imeandikwa. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nikichunguza faili ambalo halikuwa limejengwa kwa bendera nilizodhani, na tangu siku hiyo huanza kwa kulifungua faili la .cmd. Ukimaliza uchunguzi, uondoe mstari huo.

Naomba pia usiziguse bendera nyingine utakazozikuta humo, hata zikionekana kama mabaki ya zamani, kwa kuwa kila moja ina historia yake. Chukua -fno-delete-null-pointer-checks. Mwaka 2009, katika Linux 2.6.30, draiva ya tun, ya mtandao pepe, ilikuwa na funksheni iliyoandika sk = tun->sk na, mistari michache baadaye, if (!tun) return POLLERR. Kompaila ilifikiri hivi: kama tun imekwisha kutumiwa kusomea kumbukumbu, basi haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo ukaguzi huo hauna kazi, ikaufuta. Katika programu ya kawaida hoja hiyo ingeishia kwenye programu kuanguka. Ndani ya kerneli, mshambuliaji aliyefaulu kuweka kumbukumbu yake mwenyewe kwenye anwani sifuri aliweza kupita pale palipokuwa na mlinzi na kujitwalia mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Mistari ile ilipangwa vibaya, hilo halina ubishi, lakini mwaka huohuo bendera hiyo iliongezwa ili kompaila isirudie kufuta ukaguzi wa namna hiyo mahali popote katika kerneli.

Nyingine ni -mno-red-zone kwenye vichakataji vya x86-64. Programu za kawaida zinaruhusiwa kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi cha staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni) bila kukisogeza kwanza. Ndani ya kerneli ishara ya kukatiza inaweza kuja wakati wowote na kuandika juu ya staki hiyo hiyo, kwa hiyo chochote kilichowekwa hapo kitaharibiwa. Na hapa namtendea haki rafiki yako, kwa sababu zipo nyakati ambapo kompaila ndiyo yenye kosa. Mwaka 2014 iligundulika kwamba kompaila ya GCC 4.9.0, ilipojenga funksheni ya load_balance ya mpangaji kazi wa kerneli, ilihifadhi thamani kwenye staki kabla ya kuisogezea nafasi, ingawa ilikuwa imekatazwa. Kerneli iliepuka kosa hilo kwa kuongeza -fno-var-tracking-assignments, wala kiwango cha -O2 hakikuguswa. Lakini waliomtambua mkosaji walianza kwa kuusoma msimbo wa asembla uliozalishwa, amri kwa amri. Na wewe kabla ya kuishtaki kompaila yako, niandikie tena ukiwa na asembla hiyo mkononi.

SWALI: Mhariri, natengeneza kerneli ya ruta ndogo hapa Mombasa. Nimesoma kwamba -O3 ni kasi kuliko -O2. Mbona haimo kwenye menyu?

JIBU: Ndugu yangu, -O3 hupanua vitanzi na kupachika funksheni nyingi zaidi ndani ya nyingine, hivyo msimbo hunenepa, na ukinenepa unabanana katika kumbukumbu ya karibu ya kichakataji ambayo kwenye ruta ni finyu. Mwaka 2022 lilipoletwa pendekezo la kuiruhusu kwa kerneli nzima, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilipinga kwa hoja kwamba kiwango hicho kina historia ya kutoa msimbo mbaya kuliko -O2, na mwaka huohuo hata chaguo lililokuwa limewekwa kwa vichakataji vya ARC pekee likaondolewa. Haina maana kwamba -O3 imepigwa marufuku. Fungua Makefile ya lib/lz4, yaani msimbo wa kubana data, na utaikuta imeandikwa kwa ajili ya saraka hiyo peke yake, ambako vitanzi vifupi hupita juu ya baiti nyingi sana.

Kwa ruta yako ningeanza na -Os kama nafasi ya kuhifadhia ndiyo inayokubana. Jenga kerneli mara mbili, moja kwa -O2 na moja kwa -Os, kisha zilinganishe kwa scripts/bloat-o-meter, ambayo hukuonyesha kila funksheni imeongezeka au imepungua baiti ngapi. Baada ya hapo pitisha data halisi ya mtandao kwenye zote mbili na upime kasi kwenye ruta yenyewe, maana kompyuta unayojengea ina kumbukumbu ya karibu kubwa zaidi na itakupa jibu lingine.