Bolti Si za Kuvutia Giaboksi

Fundi aliyezoea gia za mkono akikutana na giaboksi ya otomatiki huponzwa na jambo moja. Anaipandisha kwa jeki, inagoma kukaa, inabaki nafasi ya unene wa kidole kati yake na injini, naye anatafuta bolti ndefu aanze kuivuta. Ukifika hapo, acha. Nafasi hiyo maana yake konveta, lile duara la chuma lenye oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haijaingia mpaka mwisho, na ukilazimisha, kinachovunjika ni pampu ya oili iliyo ndani ya giaboksi. Utajua siku ya kuwasha: gari haliendi mbele wala nyuma.

Mimi konveta naimaliza chini, jeki bado haijaguswa. Kwanza napitisha kidole kwenye shingo yake, maana mchubuko mdogo tu utakula sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Namimina ndani oili kama lita moja, napaka nyingine kwenye mdomo wa sili, kisha naiingiza huku naizungusha polepole. Kwenye giaboksi nyingi inashika mara tatu: meno ya shafti, meno ya shingo ya stata (bomba lisilozunguka linaloizingira shafti), halafu pampu. Kila mara inazama kidogo na kugonga, tok! Wengi huishia ya pili kwa sababu konveta inazunguka vizuri tu. Kuzunguka si ushahidi. Laza rula iliyonyooka kwenye mdomo wa giaboksi, pima kina mpaka pale bolti za konveta zinapofungwa, ulinganishe na kitabu cha gari. Ukiridhika, funga kipande cha bati kuizuia, la sivyo itateleza mbele wakati wa kupandisha na utaanza upya.

Upande wa injini, kagua ile sahani nyembamba inayokaa mahali pa flaiwili, lile gurudumu zito la gari la gia za mkono. Nyufa hupenda kujificha kuzunguka matundu ya bolti. Hakikisha pini mbili za kuelekeza zipo. Mafundi huzisahau kwenye injini ya zamani.

Sasa sukuma kwa mkono. Giaboksi ikutane na injini yenyewe, ndipo bolti zifuate. Ukishazikaza, konveta bado izunguke kwa vidole na iwe na nafasi kabla ya kugusa sahani, mara nyingi milimita 3 hadi 5. Isipokuwepo kabisa, inaikandamiza pampu. Anzisha bolti zote za kufunga konveta kwenye sahani kwa mkono kabla ya kukaza hata moja, ukizungusha krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa spana. Tumia zilezile za mwanzo: ndefu zaidi hubonyeza uso wa konveta kwa ndani, na klachi iliyo ndani yake itaanza kusumbua.

Kama giaboksi ya zamani ilikufa kwa kuungua, safisha mabomba ya kupozea oili mpaka rejeta. Uchafu wake utaiua hii mpya, na lawama utabeba wewe.

Oili iwe ya aina iliyoandikwa, usibahatishe kwa rangi. Jaza kiasi, washa, kanyaga breki, pitisha gia zote ukisubiri kidogo kila moja, kisha uongeze. Giaboksi nyingi zenye kijiti cha kupimia oili hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa ya moto. Honda nyingi hupimwa mara baada ya kuzima, kwa hiyo soma kitabu kabla hujaongeza chupa nyingine.