Jibu: Kila tovuti inasema "muunganisho si wa faragha"

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: kompyuta ya mezani, kila asubuhi Chrome inakataa kufungua hata barua pepe, inasema muunganisho wako si wa faragha, nawe unahofia umedukuliwa.

Kabla hujafomati, angalia saa pale chini kulia. Ikisoma mwaka 2015 au nyuma zaidi, mchawi ndiye huyo. Cheti cha kila tovuti salama, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tupo 2015, cheti cha leo inaona bado hakijaanza kazi. Yale maandishi madogo kwenye ukurasa wa onyo la Chrome huwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, yaani tarehe ya cheti haikubaliki. Soma hayo kwanza, habari za wadukuzi zilizo juu yake kwenye ukurasa huo zinakutisha bure.

Rekebisha tarehe, fungua tena. Ikirudi nyuma kila ukizima umeme, betri ya saa kwenye ubao mama imekwisha, ile ndogo kama sarafu, CR2032. Mimi hubadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja. Chomoa waya wa umeme kwanza.

Saa ikiwa sahihi na onyo bado lipo, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya hotelini au tovuti ya benki, usilazimishe kuendelea. Tuwekee hapa yale maandishi madogo tuyaone.