Kianzio kimetimia: nikope nyumba sasa au niendelee kupanga?

Ndugu, umesema kianzio, yaani fedha ya kutanguliza kwenye bei ya nyumba, unacho, benki imekubali kukupa mkopo wa miaka 20, na kodi ya pango imekuchosha. Mimi mkopo wangu wa nyumba nimeulipa hadi ukaisha. Ushauri wangu ni kwamba usisaini kabla hujapiga hesabu ya mkopo mzima. Rejesho la mwezi peke yake halikwambii kitu.

Tuchukue riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio, yaani deni lililobaki. Ukikopa 100 kwa miaka 20, utarudisha kama 264. Rejesho la mwezi wa kwanza, zaidi ya asilimia 90 ni riba. Ukilipa miaka 5 bila kukosa hata mwezi mmoja, bado utadaiwa karibu 92! Sasa fupisha mkopo huohuo uwe wa miaka 15: rejesho linapanda kwa asilimia 9 hivi, lakini jumla inashuka hadi 216. Nyongeza ndogo ya kila mwezi inakuokolea karibu nusu ya ulichokopa. Hapa ndipo pa kung'ang'ania.

Utajuaje kama utalimudu rejesho? Sisi nyumbani tulianza kulilipa kabla ya kukopa. Mshahara ukiingia tu, tofauti kati ya kodi na rejesho tunalotarajia inakwenda kwenye akaunti ya pembeni, haiguswi. Miezi ya ada za shule ndiyo iliyotupima kweli. Fedha hizo zikawa akiba yetu ya dharura, na nakusihi usiimalizie yako kwenye kianzio: kuna ada za mwanasheria, tathmini, usajili na bima, na kazi inaweza kusimama wakati wowote. Ningekuwa wewe nisingekopa bila akiba ya matumizi ya miezi 6, rejesho likiwemo.

Kodi isikutie haraka. Wakati unajipanga, inakupa pa kulala, nayo si hasara.

Benki waulize: riba inaweza kupanda katikati ya mkopo? Nikilipa zaidi, ziada inapunguza deni papo hapo? Kuna faini ya kumaliza mapema? Majibu yawe kwenye mkataba, si ya mdomo. Omba pia jedwali la marejesho la miezi yote 240. Ukilipata, futa jina na namba ya akaunti, uliweke hapa tulipitie pamoja.